Mbao za Chumba cha Kulala

Jumapili, 16 Februari 2025

Baada ya kanisa tumepitia nyumbani. Nyumbani kwetu, Munyaka — bado naona raha kuandika hivyo. Mabati yako juu, madirisha yana vioo, mlango umebaki mmoja. Chini ni simiti tupu. Nimemweka Marion chini nifungue dirisha la chumba cha kulala, na kabla sijageuka analia. Nimemshika viganja, baridi kama vimetoka kwa friji. Na hii ni Februari, jua linachoma. Mvua ikianza itakuwaje?

Mwaka jana mwezi wa saba sitausahau. Wodi ya watoto, oksijeni, mtoto mdogo kama mkate. Daktari akasema kifua cha huyu ni chepesi, asikae kwenye baridi. Rahisi kusema. Hapa Kimumu tunapopanga, sakafu hutoa jasho asubuhi, unapiga deki mara mbili na bado soksi zinalowa. Sasa ameanza kutambaa, hashikiki.

Nimeamua. Chumba chetu, ambamo Marion analala na sisi, kitakuwa na sakafu ya mbao. Ofisi ya zamani ya kanisa ina mbao chini, za tangu enzi za wazungu wa mashamba. Marion alitambaa pale mkutano mzima wa akina mama na hakulia.

Nimemwambia mume wangu. Ronnie amecheka. Ati mbao chini ni mambo ya watu wa Elgon View, sisi wa kuendesha lori la maziwa tupake rangi nyekundu kwa simiti tushukuru Mungu. Nikamwambia watu wa Elgon View hawana mtoto wangu. Halafu: "Chumba kimoja tu?" Kimoja tu. Pesa iliyobaki haivuki hapo, na mwenye nyumba anataka vyumba vyake mwisho wa Machi.

Jumanne, 18 Februari

Nimeenda mjini kwa Cate. Tulisoma pamoja, sasa anauza mazulia na mikeka ya mbao — ile plastiki ya kubandika chini, imechorwa mbao mpaka vifundo vyake. Ukisimama mlangoni huwezi kujua si mti.

Kuniona tu: "Mama Marion! Nasikia unajenga ikulu." Nikamwambia ikulu ya chumba kimoja. Akanikunjulia rangi zote. Ati leo analaza, kesho nahamia, na bei ni ya urafiki. Bei kweli ni nzuri, sitadanganya.

Nikamvua Marion soksi nikamsimamisha juu ya moja. Akakunja vidole vyote vya miguu na kunipandia kama paka.

"Huyu mtoto amehongwa na watu wa mbao," Cate akasema. Tukacheka mpaka mteja akatuangalia.

Lakini ni rafiki wa kweli. Ameniambia mwenyewe kwamba simiti ikiwa na maji, gundi inaachia na pembe zinainuka. Akanionyesha pia zile za mbao ya kusagwa na kugandamizwa, unazibofya moja ndani ya nyingine. Nzuri. Joto pia. Ila maji yakimwagika yakakaa, zinavimba kama mandazi kwa chai. Nyumba yangu ina mtu anayepindua beseni kila siku ya Mungu. Hapana.

Cate amenipa namba ya fundi, anaitwa Wahome. Amesema ni mkavu kama biskuti lakini kazi yake haina maswali.

Alhamisi, 20 Februari

Miguu inauma. Marion mgongoni, yadi ya mbao baada ya yadi, Wahome mbele hajali kama namfikia.

Mvule: nimeuliza bei, nimeshukuru, nimetoka. Mbao za paleti zilizobomolewa: rahisi kabisa, na nilizipenda, kila moja na rangi yake. Lakini nani anajua zilibeba nini? Nimenusa moja, ilikuwa na harufu ya dawa ya shamba. Marion hulamba kila kitu. Zimeanguka hapo.

Tumemaliza na saiprasi. Miti ya huku huku, si ya kuagiza. Yule mwenye yadi amezikausha chini ya paa tangu mwaka jana, amezipiga randa, zina ulimi upande mmoja na mfereji upande wa pili, zinaingiana. Nimelaza shavu juu ya moja watu wakinitazama. Wacha watazame. Nimechagua. Pesa inatosha chumba na vanishi yake. Nimemwambia nitaleta nusu ya pesa wiki ijayo.

Wahome hakunisifu. Aliuliza tu kama simiti yangu imekauka. Nikasema inaonekana imekauka. Akasema kuonekana si kukauka, nibandike karatasi ya nailoni chini na selotepu pande zote, nisiiguse mpaka kesho yake. Ikitoa jasho, nisimpigie.

Jumapili, 23 Februari

Nailoni imekaa siku mbili, kavu kama karatasi ya daftari. Nilifurahi kama mtu aliyefaulu mtihani.

Halafu jioni simu ya Mzee kutoka Moi's Bridge. Baba yake Ronnie. Amesikia habari ya sakafu, sijui nani alimwambia — Ronnie anaangalia dari. Mzee ameangusha saiprasi zake za nyuma ya nyumba, zote, tayari zimepasuliwa mbao. Bure. Za sakafu ya mwanawe. "Hakuna mtoto wa Walubengo atanunua mti kwa yadi nikiwa hai."

Ronnie machozi yalikaribia. Mimi pia, kidogo. Kisha nikauliza zimeangushwa lini. Wiki hii hii. Zitakauka lini? Ronnie akasema mzee amekausha vitu maisha yake yote. Ni kweli, amefanya kazi ghala la mahindi tangu Ronnie hajazaliwa, akiuma punje moja tu anajua kama gunia lipite au lirudi.

Nusu ya pesa ya yadi sijapeleka. Tumekubaliana tuone kwanza.

Ijumaa, 7 Machi

Ronnie amenionyesha picha. Mbao zimetandazwa juu ya maturubai katikati ya uwanja, jua la saa sita likizipiga, na Mzee amesimama katikati na jembe la kugeuzia mahindi. Anazigeuza asubuhi na jioni, kama mahindi. Akiona wingu anafunika.

Na si hayo tu. Jana amebeba unga wa msumeno mpaka ghalani, akaumwaga kwa mashine ya kupima unyevu wa mahindi. Ikasoma kumi na mbili. Mahindi ya kumi na mbili hupita bila maneno, kwa hiyo mbao zimepita.

Tumecheka na Ronnie mpaka Marion naye akacheka bila kujua kitu. Halafu nikifua nepi nikaacha kucheka. Unga ndio umekauka. Je, mbao yenyewe?

Jumanne, 11 Machi

Marion anaota jino. Sijalala, nimeweka chumvi kwa chai.

Mwenye yadi amepiga: kuna mtu anazitaka zile mbao. Nimemwomba asubiri. Amesema mpaka Jumanne ijayo, kwa sababu ya mtoto. Mzee anakuja Jumamosi na lori. Wingu limeanza kukaa upande wa Soy kila alasiri.

Jumamosi, 15 Machi

Lori limefika Munyaka saa nne, Mzee ameketi mbele na koti la harusi. Nimepiga goti kidogo nikamsalimu kutoka mbali. Kwetu Samia na kwao Bukusu ni sawa, mkwe wa kike na baba mkwe hawashikani mikono, wala hawabishani uso kwa uso. Tangu Marion azaliwe tumepata njia: tunaongea kupitia kwake, naye babu tunamwita kuka.

"Marion," akasema, "mwambie mama yako kuka ameleta msitu."

"Marion, mwambie kuka asante sana, na chai iko tayari."

Mzee amefurahi, anazunguka, anagonga kuta na kidole. Akatangaza mbao ni za sebuleni. Sebuleni ndipo wageni wataona. Chumba cha kulala yeye hawezi kuingia hata siku moja, ni chumba cha mwanawe na mkewe — sasa mbao zake zikae mahali ambapo jicho lake halitafika?

Ronnie alisema, "Sawa, Baba." Haraka hivyo.

Walipokuwa wanakula nimechukua mbao moja nikailaza kwa simiti ya chumba. Ilicheza. Unakanyaga huku, kule kunainuka. Ya pili imejikunja kama kigae. Ya tatu ina ufa mrefu kutoka kichwani. Nikachukua moja iliyokuwa imenyooka, nikaifunga na nailoni ile ile ya Wahome.

Jumapili, 16 Machi

Nailoni imejaa jasho ndani.

Nimemwonyesha Ronnie. Ameipapasa kwa kidole. Kisha ati tupige misumari mingi itakaa. Nikamuuliza, "Na ikikauka ikiwa chini? Inasinyaa, inaacha nafasi, baridi inapanda na mtoto anaingiza vidole." Akasema mimi simjui baba yake. Mtu ameangusha miti yake yote, halafu aambiwe imekataliwa kama gunia la mahindi mabovu? Yeye hatamwambia. Kama ni lazima, tupigilie za Mzee sasa, mwakani tuzing'oe.

Mwakani Marion atakuwa anatembea. Ni mwaka huu ndio yuko chini.

Sikupiga kelele. Nilimwambia nampenda baba yake, na sitamlaza mtoto juu ya heshima. Amenipa mgongo. Mzee amelala kwa binamu yake huko Munyaka, kesho anakuja na nyundo kuanza kazi.

Jumatatu, 17 Machi

Naandika nikiwa Munyaka, nimekalia ndoo ya rangi, jikoni.

Ronnie aliondoka alfajiri na lori la maziwa. Saa tatu Mzee amefika, na nyundo na misumari ya kwake. Nimempa chai, nikaketi mbali, Marion mapajani. Sauti yangu haikutetemeka. Ilinishangaza.

"Marion," nikasema, "mwambie kuka mama anaomba ruhusa kusema."

Mzee akaweka kikombe. "Marion, mwambie aseme."

"Mwambie kuka mbao zake ni nzuri, lakini hazijafika. Jua limekausha ngozi, ndani bado kuna maji. Mwambie nimeifunga moja na nailoni, imetoa jasho. Ziko hapo, aangalie mwenyewe."

Marion anavuta kifungo changu.

"Marion, mwambie mama yako mashine ilisoma kumi na mbili."

"Mwambie kuka mashine ilipima unga. Yeye hupima gunia kwa kuingiza bambo, ule mrija wa chuma, mpaka katikati, hachoti ya juu. Mbao hatujapima katikati."

Hapo aliniangalia. Alinitazama mimi, si mtoto. Nikainamisha macho lakini sikunyamaza.

"Na mwambie kuka sakafu ya kwanza si ya wageni. Ni ya chumba, pale wewe unalala. Mwaka jana alikuja hospitali akakuona na ile mipira puani. Sebule itangoja mbao zake zikauke chini ya paa, hata kama ni mwaka. Chumba hakiwezi kungoja. Nitanunua za yadi."

Mzee aliinuka, akaenda na kofia mkononi mpaka mlango wa chumba. Akasimama nje ya kizingiti. Marion akateleza kutoka kwangu akamfuata akitambaa, akampita miguuni, akaingia, akafika katikati ya simiti akaketi. Akaanza kulia ile sauti yake ya baridi. Mzee aliangalia. Hakuweza kuingia kumchukua. Nilimwacha alie kidogo — Mungu anisamehe, kidogo tu — kisha nikapita nikambeba.

"Marion," akasema, pole pole sana, "mwambie mama yako nimesikia."

Kusikia si kukubali. Ameenda nje.

Nimempigia Wahome. Nimempigia mwenye yadi, nimemtumia nusu yake, kesho asubuhi analeta. Sijamuuliza Ronnie. Atakasirika, na atakasirika vizuri zaidi akikaa juu ya mbao kavu.

Kupitia dirisha namwona Mzee. Nilidhani anaita lori mbao zake zirudishwe Moi's Bridge. La. Amevua koti, amelitundika kwa tangi la maji. Anachukua mbao moja moja, anaiweka machoni kama mtu anayelenga bunduki, anaangalia kama imenyooka, kisha anaamua. Zilizonyooka kulia. Zilizopinda kushoto. Anachambua kama ghalani. Uso wake siwezi kuusoma kutoka hapa, na hajagusa chai ya pili niliyompelekea.

Rundo la kushoto linakua.

Lori la maziwa linapiga kona. Ronnie amerudi mapema, yuko getini, anamwangalia baba yake na yale marundo mawili, na bado hajui kwamba pesa ya yadi imeshaenda.