Fomu ya Kiti 22B

Tarehe 4 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini u mzima na miguu haijavimba tena. Mimi na Bibi hatujambo. Katika barua hii nimeapa kukuambia kila kitu, hata yale ambayo Bibi amesema niyaache.

Kwanza, nimekuwa wa tatu darasani. Pili, Bibi aliteleza bafuni, hakuumia, ila hataki ujue. Tatu, zile sabuni ndogo za hotelini unazotuma zimejaza droo nzima. Bibi anasema, "Mama yako abiria anawapa tabasamu, sisi anatupa sabuni." Alikuwa anatania, lakini baadaye nilimkuta anazipanga upya moja moja na kuzinusa.

Tangu ulipokuja ni miezi saba, na ulilala siku mbili tu. Bibi ananifunika vizuri, lakini hajui kukunja blanketi chini ya visigino kama wewe. Nimemwonyesha mara nyingi. Anasema mimi si bahasha.

Lile ombi lako la kuhamia safari fupi za ndege zinazoanzia hapa kwetu, ambazo wahudumu wanarudi kulala nyumbani kila siku, limejibiwa? Niambie hata kama jibu ni baya.

Mwanao


Tarehe 21 Machi

Mwanangu mpenzi,

Marahaba. Miguu imepungua uvimbe. Mwambie Bibi habari za bafuni nimezipata, na asikugombeze.

Ombi litajibiwa mwezi wa sita. Msimamizi wangu anasema nina nafasi nzuri, mradi nisipate lalamiko la abiria hata moja hadi wakati huo. Kwa hiyo siku hizi mtu akinikanyaga, mimi ndiye ninayeomba radhi.

Sasa sikia habari njema. Likizo ya mwezi wa nne utakuja kwangu wiki nzima. Kuja, utakuja na yule shangazi yako wa kazini kwangu mwenye sauti nene, anayekuletea barua hizi. Kurudi, utapanda ndege nitakayohudumu mimi. Tiketi ya familia ya mfanyakazi ina masharti. Utakaa palipobaki. Hutabonyeza kengele ya kumwita mhudumu. Hutaomba chakula cha pili. Na humo ndani mimi si Mama. Ukiniita Mama watu watasikia, na yeyote atakayekosa kitu atasema nimempa mwanangu. Niite dada, kama wengine. Tukitua ndege inageuza upesi, sitaweza kutoka nawe. Tutaagana nyumbani kabla ya kutoka.

Utaweza?

Mama yako


Tarehe 2 Aprili

Mama mpendwa,

Shikamoo. Nitaweza. Tunafanya mazoezi. Bibi anakaa kwenye kochi akiwa abiria mkorofi, mimi napita na trei. Jana alisema, "We dada, hii chai imepikwa au imeogeshwa?" Nikachuchumaa hadi macho yetu yakawa sawa, kama ulivyosema mnafundishwa, nikamwambia, "Samahani mama, nikubadilishie?" Akasema anamtaka mkubwa wangu wa kazi. Tulicheka mpaka chai ikamwagika.

Kisha tunabadilishana. Mimi nakuwa abiria, yeye anakuwa wewe. Hapo ndipo pagumu. Kila akipita nataka kumshika mkono.

Mwanao


Tarehe 25 Aprili

Mama mpendwa,

Shikamoo. Nilifika salama na Bibi hajambo. Wiki yetu ilikuwa fupi, hata mswaki wangu haukupata kukizoea kikombe chako.

Najua ulikuwemo katika ndege ile, lakini nataka uione kutoka kwenye kiti changu. Nilikaa 22B, katikati. Dirishani alikuwa mama mmoja aliyelala kabla hatujaruka. Upande wa njia, 22C, alikuwa yule baba mwenye viatu vya ncha. Alitoa mguu njiani mara tatu, na mara tatu ulisimamisha kitoroli ukasema samahani. Alikupigia vidole usoni. Aliposema, "We msichana, maji nimeomba tangu jana," ulichuchumaa ukamjibu, "Samahani sana kaka, haya hapa." Uso wako ulikuwa mtulivu, ila niliuona ule mshipa wa shingoni. Abiria hawaujui ule mshipa.

Halafu ukanifikia. Ukasema, "Chai au maji, dada?" huku ukitazama trei. Nikasema, "Maji, dada, asante." Sauti yangu ilitoka vizuri. Ukayaweka, ukaenda. Wengine wote uliwatazama machoni. Hata yule baba.

Baadaye mhudumu mwenzako aligawa fomu za maoni. Yule baba aliandika kwa hasira mpaka kalamu ikatoboa karatasi, kwamba umemchelewesha na kumdharau. Nikaogopa kwa ajili ya ombi lako. Kwa hiyo nami nikaandika yote niliyoyaona: mguu, vidole, maneno yake, na kwamba hukupandisha sauti hata kidogo. Sikusema kuwa mimi ni mwanao. Palikuwa na swali la kuweka alama: "Je, ulihudumiwa sawa na abiria wengine?" Nilifikiri sana. Nikaweka alama kwenye Hapana, maana ndiyo kweli.

Natumaini fomu yangu itakusaidia.

Mwanao


Tarehe 8 Juni

Mwanangu mpenzi,

Hujambo? Bibi hajambo? Nisamehe kwa ukimya wa wiki sita. Niliandika mara tatu nikachana.

Niliitwa ofisini. Msimamizi aliweka mezani fomu mbili za safu moja, 22B na 22C, na zote zilisema sikuwahudumia watu sawa. Ya pili niliujua mwandiko kabla sijasoma neno. Akaniambia, "Mmoja ningesema ana hasira zake tu. Wawili?"

Kanuni ni kwamba fomu ya mtu wa familia haihesabiwi. Ningesema ni yako, ingewekwa kando, na ile Hapana ingeondoka nayo. Lakini hiyohiyo ndiyo iliyonitetea. Bila hiyo anabaki yule baba peke yake na maneno yake. Na nikinyamaza, nimedanganya. Nikasema, "Huyu ni mwanangu, na alichoandika ni kweli chote."

Msimamizi aliisoma tena, polepole. Akauliza una miaka mingapi. Kisha akaiweka kando. Ombi langu limesogezwa hadi mwezi wa sita mwakani.

Usilie, na usijilaumu. Hukunikosea. Nilikupa masharti mengi nikasahau kukuambia lile langu. Ningekutazama machoni, kitoroli kile kisingefika safu ya ishirini na tatu.

Mama yako


Tarehe 20 Juni

Mama mpendwa,

Shikamoo. Bibi hajambo. Mimi nililia kidogo ingawa ulinikataza. Bibi aliisoma barua yako mara mbili akasema, "Mwaka mmoja. Basi lete hilo blanketi nijifunze." Anajaribu. Bado ananibana vidole.

Mama, nilikuapia kukuambia kila kitu, na kuna kimoja nilikiacha. Fomu zilipokwisha kukusanywa, baridi ya ndege ilinizidi. Sikubonyeza kengele. Nilipandisha miguu kwenye kiti, nikajikunja, nikafumba macho. Yule baba alikuwa ameenda chooni. Mtu akaja akanifunika blanketi. Alilivuta hadi mabegani, kisha akalikunja chini ya visigino vyangu, kimoja, halafu cha pili. Akasimama kidogo. Ningeweza kufumbua macho. Sikufumbua, kwa sababu masharti ni masharti, na kwa sababu niliogopa kumkuta mtu mwingine amesimama pale.

Sasa fomu yangu inanisumbua. Kama ni mhudumu mwenzako, basi nilijibu sawa. Kama si yeye, niliandika mapema mno, na nitamwandikia msimamizi wako kurekebisha, hata kama haitahesabiwa.

Shangazi mwenye sauti nene anapita huku tena Jumamosi. Tafadhali mpe jibu aje nalo, hata kama ni neno moja. Alikuwa ni wewe?

Mwanao