Simu Iliyotaja Bei ya Mbuzi

Isiolo, Kenya

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti limeacha kukusumbua, na kwamba Baba bado anabishana na redio. Mimi ni mzima, jua limenibabua, na nina furaha ambayo nisipokuandikia leo nitapasuka.

Unakumbuka kazi iliyonileta huku: kujaribu pesa mpya ya simu ambayo nchi za jumuiya yetu zinaiandaa kwa pamoja, itolewe na benki kuu zenyewe, ili siku moja ukivuka mpaka wa Namanga kununua vitenge usibadilishe tena shilingi kwa wale vijana wanaokupunja huku wakikuita mama. Sisi tulipewa soko la mifugo. Mkuu wetu alisema wazi kwamba wauzaji wakiikataa tunafunga virago, majaribio yanahamia madukani mjini, na wafugaji ndio basi tena. Mama, hofu hiyo ilininyima hata hamu ya kula.

Na waliikataa! Kwa ajili ya wasiojua kusoma, tuliifanya simu itaje kwa sauti pesa iliyoingia. Tulijiona tumefanya la maana sana. Siku ya kwanza Mama Ekiru, Mturkana wa Ngare Mara, aliuza beberu, na simu ikatangaza bei kama kipaza sauti cha mkutano wa injili. Soko zima likageuka.

"Aki wewe msichana!" akanifokea. "Sasa hawa watu yote wamejua mbuzi yangu imeenda na ngapi. Hii ingine nitauzia nani na bei mzuri?"

Hatukujua kwamba huku bei haitajwi. Muuzaji na mnunuzi hushikana mikono chini ya shuka wakaminyana vidole, kila kidole na thamani yake, na waliosimama pembeni hawaambulii kitu. Mzee Guyo, mkubwa wa madalali, Mborana wa Garbatulla, alitufukuza kwa adabu: "Salaam aleikum, na muende na hiyo redio yenu."

Nilirudi kwake peke yangu, nikamwomba anifundishe. Akanifunika mkono kwa shuka lake, akaniminya kidole, kisha kingine. Mama, niliruka! Simu nayo inaweza kuminya. Inaweza kutetemeka kiganjani, mtetemo mrefu kwa kila elfu, mfupi kwa kila mia. Nikakimbia ofisini. Mwenzangu anayetengeneza programu hakupata raha mpaka alipoimaliza. Nilimsumbua huku nikimlisha chapati. Tukaifunga bei pia kwenye mfumo, hata sisi wenyewe tusiione.

Jana tukarudi sokoni. Mama Ekiru alikubali shingo upande. Aliuza mbuzi wake wa pili, akaiingiza simu chini ya shuka, akafumba macho. Midomo ilikuwa inahesabu. Alipofumbua macho alikuwa anatabasamu, na jirani yake hakuvumilia.

"Amekupa ngapi?"

"Ya kunitosha," akajibu, akaenda zake kununua sukari.

Nilitaka kukumbatia kila mtu, hata mbuzi. Lakini Mzee Guyo alikuwa bado hajakubali, na bila yeye hakuna dalali ambaye angetufuata. Akanivuta kando, nyuma ya lori.

"Wewe mwenye mashine. Umeona bei?"

"Sikuona, mzee."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Akajitupia shuka begani.

"Haya. Kesho naleta ngamia."

Mwambie Baba azime redio umsomee hii. Msalimie dada anayenyonyesha, ambusu mtoto kwa niaba yangu, na mjomba wa duka la mahindi asiyeamini pesa asiyoishika. Bibi mwambie ninakula vizuri sasa. Barua naikatia hapa kwa sababu kumekucha, na nje nasikia ngamia wanapita kuelekea sokoni.

Bintiyo anayenuka mbuzi,
Neema