Gari la Baba Nimelipaka Nyeupe

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada wako kabla Jumapili haijafika, maana nimefurahi na nimeogopa kwa pamoja. Mimi ni fundi cherehani hapa Shauri Moyo, naishi na wazazi wangu, na baba yangu, mzee Nyamai, alikuwa dereva wa kampuni miaka mingi, akiendesha Pijo 404 ya rangi ya krimu ambayo aliipenda mpaka mama akawa anamtania kwamba ana wake wawili, halafu ugonjwa wa presha ya macho ukampofusha kabisa, na tangu hapo alikuwa analala ameelekea ukutani, chakula anaonja tu, ukimsalimia anaitikia "mm" basi.

Sasa siku moja pale Gikomba kwenye mitumba nikaona kisanduku cha vipande vya plastiki vya kuunganisha gari dogo la mfano, tena Pijo hiyo hiyo, nikanunua, nikaunganisha kwa gundi, na kwa kuwa nilitaka baba akiligusa ahisi bodi ya gari hasa, nikalipeleka gereji moja mtaa wa Baba Dogo kwa fundi wa rangi anayeitwa Okumu. Akaniambia, "Dada, thina ya gari, hii dawa ya kuzimulia rangi, inakula plastiki, lazima upulize kidogo kidogo," lakini mimi nikajifanya mjuaji nikashika bunduki ya rangi mwenyewe, boneti ikakunjamana kama utando wa maziwa, ikabidi tuikwangue kwa msasa wa maji, akapuliza praima nyepesi, ile rangi ya kwanza ya chini, akangoja ikauke, akapuliza tena. Tulipofika kwenye rangi akasema krimu lazima ichanganywe, nirudi akimaliza magari ya wateja, ila nyeupe ilikuwa tayari, nami nikamwambia piga hiyo hiyo, kwani baba ataona? Juu yake akapuliza klia, ile rangi angavu ya mwisho inayong'arisha gari, na ilipokauka tukaisugua mpaka ikateleza kama kioo.

Mshauri, nilipomwekea baba mikononi alipapasa paa, akashuka kwenye boneti, kisha akasema, "Hii imepigwa klia! Hii ni kazi ya gereji. Wavinya, umeniletea krimu yangu!" Akacheka huku machozi yanamtoka, akala ugali akaomba kuongezwa. Mama akaninong'oneza, "Nyamaza, mwache afurahi," nami nikanyamaza, na sasa kila jirani akiingia baba anamwuliza, "Umeiona krimu yangu?" na mama anamkonyeza ajibu ndiyo, mpaka Mama Filsan wa mlango wa pili ameacha kuja kwa sababu hataki kumdanganya mtu asiyeona. Jumapili anakuja mzee Makokha, dereva mwenzake wa zamani, mtu asiyejua kufunga mdomo. Nimwambie baba ukweli, nihatarishe arudi kule ukutani, au nimwombe Makokha naye adanganye?

Wavinya, Shauri Moyo

*

Wavinya mwanangu,

Kwanza pumua. Baba yako anakula, anacheka, anaongea na watu. Umefanya jambo kubwa, na halitafutika kwa sababu ya kopo moja la rangi.

Sasa nikugombeze. Krimu ilihitaji kungojewa, hukungoja, hilo nakusamehe. Hiyo "kwani ataona?" sikusamehei. Mzee amepoteza macho, akili anayo, nawe na mama yako mmewapanga majirani wote wakonyezane mbele ya uso wake. Siku atakapogundua, ataanza kujiuliza ni mangapi mengine anayodanganywa. Mama Filsan amewashinda nyote kwa adabu.

Usimwombe Makokha chochote. Mwambie baba leo, wewe mwenyewe, gari likiwa mikononi mwake. Usijitetee, usilie sana. Kisha mwulize: libaki nyeupe au lipakwe upya? Ukimaliza, piga hodi kwa Mama Filsan umwombe radhi.

Maneno hayo ya juu nilikutumia kwa posta kabla ya kuyachapa gazetini, na nafurahi ulinipigia kutoka kwenye kibanda cha simu, ukicheka hata sikusikia vizuri mwanzoni. Ruhusu niwaambie wasomaji. Mzee aliliweka gari magotini, wewe ukadhani basi, yamekwisha. Kisha akauliza, "Nyeupe kama nini?"

"Kama ya ambulensi, baba."

"Ambulensi! Na watu wote hao wananiitikia krimu?" Akacheka mpaka akakohoa. "Mama yako nitamweza. Lakini wewe, siku nyingine uniulize. Nipeleke kwa huyo Okumu."

Na Jumapili akaenda, mtu ambaye hata mlangoni alikuwa hataki kutoka, amemshika mkono Makokha. Huko gereji wazee wawili wakabishana mbele ya kopo la rangi, Makokha akisema gari lilikuwa la manjano kidogo, baba yako akisema lilikuwa kama maziwa yaliyodondoshewa chai, na fundi akachanganya hadi Makokha mwenyewe akakubali kwamba mzee Nyamai anakumbuka vizuri zaidi.

Basi mwachie Okumu alikwangue kwa upole na kulipuliza kidogo kidogo. Safari hii, Wavinya, ngoja rangi ikauke.