Sauti ya Baba na Diski ya Ulinzi

Nyumba ya kona, mlango wa bluu,
Jumapili, baada ya kufua.

Mpendwa mdogo wangu Besi,

Habari za huko kwenye baridi? Wewe hujambo, wifi yangu hajambo, na mtoto ameshaota meno au bado anatafuna vidole vya watu? Mimi nipo, mzima, ukiacha goti la kushoto ambalo siku hizi linatabiri mvua kuliko redio. Shemeji yako yupo. Mama naye, tuseme yupo. Hata yule jirani wa ukuta mmoja, muuza mitumba, yupo, na juzi kagombana na mwenye nyumba mpaka wakarushiana ndala, moja ikatua kwenye beseni langu la nguo. Nikaifua, nikaianika. Mpaka leo hakuna aliyekuja kuiulizia.

Utashangaa kupata karatasi wakati simu ipo. Usishtuke, hakuna aliyekufa. Sababu ipo na nitaifikia. Unanijua, mimi nikitumwa dukani napitia kwanza nyumba zote.

Ni habari ya lile sanduku la diski, lenye sauti za marehemu Baba, ulilotuwekea juu ya kabati la vyombo ulipokuja. Tumelitunza, Mungu shahidi. Nililishonea mpaka kitambaa cha maua, shemeji yako akakitoa, eti linahitaji kupumua. Nikamwambia mimi miaka yote hii umenibana kitandani, mbona hujawahi kuuliza kama napumua?

Ulipoondoka Mama alishika desturi moja. Kila siku baada ya chakula cha mchana anapapasa pembeni ya kitanda mpaka anakipata kile kifungo cha shati ulichokibandika kwenye swichi ya spika, maana macho ndiyo hayaoni tena. Anabonyeza, Baba anaanza. "Mama watoto, umeingia? Chai iko kwenye chupa. Usinywe umesimama." Na nyuma yake cherehani inakwenda. Si unakumbuka walivyokuwa wanaishi, Mama anafua mashuka ya hospitali usiku kucha, Baba anashona mchana kutwa, wanapishana mlangoni kama askari wa zamu, basi wakawa wanaachiana maneno kwenye kanda kama wengine wanavyoachiana funguo. Na Mama, nakuapia, alikuwa anamjibu. "Nimekaa, nimekaa, endelea." Jirani wa mitumba alipohamia aliniuliza kwa nini namficha baba yangu chumbani.

Sasa siku ile uliposema kwenye simu kwamba diski nazo zinakufa kama watu, Mama alisikia. Akawa hali vizuri. Wewe mwenyewe ukamtuliza, ukasema dawa ipo, tuongeze diski moja ya ulinzi, na nyingine yoyote ikifa, huyo mlinzi na waliobaki wanasaidiana kumrudisha marehemu. Mama akakamatia hapo hapo. Kila shemeji yako akiingia kutoka kutengeneza friji zake, kabla hajanawa mikono, anaulizwa, "Mkwe wangu, mlinzi ameajiriwa?"

Shemeji yako akaenda akanunua. Akaichomeka, akaliambia sanduku, huyu ndiye mlinzi. Sanduku likagoma. Linasema mlinzi hatakiwi kuwa mdogo kuliko anaowalinda, na ile diski kubwa, yenye Baba ndani, ilikuwa imeipita hii mpya kwa mbali. Hapo mtu mwingine angekupigia simu. Lakini shemeji yako ni mtu wa friji, mota ya hili anaihamishia kwenye lile, baridi inarudi, mteja anafurahi. Akajikuna kidevu, akasema mbona rahisi, wabadilishane viti. Mkubwa awe mlinzi, mdogo awe wa kuhifadhi. "Hata nyumbani si mkubwa ndiye anayelala karibu na mlango?" Mama akasema hapo umenena.

Sanduku likamuuliza kwa Kiingereza chake, vilivyomo kwenye diski vitafutwa, unakubali? Wewe ulikuwa umeshamwambia diski mpya lazima isafishwe kwanza, basi akadhani ndiyo inayosemwa. Akakubali. Likauliza tena. Akasema, "Hili nalo lina maswali kama mama mkwe." Mama mkwe mwenyewe kakaa pale pale, akacheka mpaka akakohoa. Akakubali mara ya pili.

Likanguruma mchana ule, usiku, na kesho yake. Ikawa marufuku kuligusa. Mwisho taa ikawa ya kijani, tukanunua soda. Mama na sukari yake akataka, nikamtilia maji kwenye glasi ya soda. Akanywa, akasema, "Viwanda vya siku hizi vimekuwa vichoyo." Nakusimulia hili kwa sababu ndiyo mara ya mwisho kumsikia akitania vizuri.

Baada ya chakula akapapasa, akakipata kifungo, akabonyeza. Kimya. Akabonyeza tena, akageuza uso mlangoni. "Hajafika?"

Shemeji yako alilibeba sanduku mpaka kwa dada mmoja fundi kompyuta, nyuma ya posta. Nilikwenda naye. Yule dada alituonyesha kwa vikombe vyake vya chai. Akasema mlinzi hashiki maneno ya mtu, anashika hesabu tu. Ukijua vikombe ni sita, na vinne unaviona, basi unajua viwili viko jikoni. Ndiyo kazi yake yote. "Sasa nyinyi mmemchukua aliyekuwa na maneno, mmemfuta, mmempa kazi ya kuhesabu." Shemeji yako akauliza kama Baba anaweza kuvutwa kidogo, hata nusu. Yule dada akasema juu ya diski pote pameshaandikwa hesabu, hakuna cha kuvuta. Tukaenda kwa fundi mwingine, yeye alitikisa kichwa hata kabla hatujakaa.

Najua unawaza kanda. Kanda uliziona mwenyewe bomba lilipopasuka, zilivyovimba kama mikate, tukazichoma pamoja na godoro. Na kompyuta uliyozihamishia kwanza ndiyo ile iliyokwenda na wezi. Simu yangu nimeipekua mpaka ikachemka. Imejaa sauti za kikundi cha akina mama wakibishana sare za harusi, hakuna hata "haloo" moja ya Baba.

Kwenye diski nyingine ya zamani mle sandukuni kimebaki kipande kimoja. Nafikiri Baba alisahau kuzima mashine. Ni cherehani tu, na kikohozi mara moja, na mkasi kuwekwa mezani. Tulifurahi, mimi na shemeji yako, tukakimbia nacho chumbani kama watoto. Mama alisikiliza, ameinamisha kichwa, anangoja. Cherehani ikaenda weee mpaka kipande kikaisha. Akasema, "Zima hiyo. Hajawahi kuninunia siku nzima."

Kwa hiyo sanduku lipo, taa ni ya kijani, na mlinzi yuko kazini. Diski yoyote ikifa leo hatupotezi kitu. Picha za friji za wateja ziko salama, na ile video mbwa wa jirani alivyokula keki.

Usimchukie shemeji yako. Anarudi kachelewa makusudi akute Mama amelala. Siku ya kwanza Mama alimwambia tu, "Mkwe wangu, na friji za watu huwa unazifuta hivyo?" Shemeji yako akacheka naye, halafu akaingia stoo, akakaa humo, nikasikia anapenga kamasi. Na wewe usijitie lawama kwa kuwa ndiye uliyetaja mlinzi. Ulichosema kilikuwa kweli. Tulikifanya tu kichwa chini miguu juu.

Haya, sababu ya karatasi. Jumamosi iliyopita ulipopiga, mimi nilikuwa nakaanga, nikaiweka simu sauti ya nje pale kitandani kwa Mama. Si bure tulikuita Besi. Tangu sauti yako ilipovunjika ikawa nzito, wateja walikuwa wanakutajia vipimo vya suruali mlangoni wakidhani ni Baba. Ukasema, "Mama, umekula?" Na Mama akainuka. Besi, aliinuka mwenyewe, bila kushikwa, akaweka miguu chini, uso umemng'aa. "Baba watoto! Wamekupata wapi?"

Wewe ukacheka, ukasema, "Ni mimi, Mama." Hukujua. Mimi nikasema mtandao mbaya, nikakata. Alikaa pale ukingoni mwa kitanda mpaka chai yake ikapoa, kisha akajilaza akageukia ukutani. Jioni yake nikakuta kifungo cha shati kimebanduliwa kwenye spika. Kimo mfukoni mwa gauni lake, sijamuuliza. Aliponiita aliniambia neno moja tu: "Mwambie mwanangu aandike. Asipige kwanza."

Basi usipige, mdogo wangu. Sijui ni mpaka lini, naye hakusema. Nilifikiria kukuomba ujirekodi ukiyasema yale maneno ya chai na chupa, nikajikuta naona haya peke yangu jikoni. Wewe andika, hata mambo ya kipuuzi, bei ya viatu, mtoto kaanguka wapi. Nitamsomea mimi, kwa sauti yangu hii ya debe, haimkumbushi mtu yeyote.

Nisalimie wifi, mwambie lile gauni alilotuma limenikaa, ila zipu imekataa kushirikiana. Mbusu mtoto. Msalimie na mjomba mkienda kumtazama, mwambie deni langu la umbea nitamlipa tukionana. Shemeji yako anakusalimia. Hajasema hivyo, lakini kapita hapa mara mbili akiona naandika, akasimama, akaondoka.

Mungu akulinde huko uliko kuliko tulivyolinda sisi. Na koo lako akutunzie. Ukilala, jifunike shingo.

Wako akupendaye daima,
Dada yako.