Miradie na mita moja ya chokaa

Ni mwaka mmoja sasa, Miradie, tangu utoke mlangoni saa moja asubuhi na mkate mdomoni, ukasema, "Mama, leo usiniwekee chakula, nitachelewa." Saa tatu kasorobo simu ikalia. Mshipa ulikuwa umekupasukia kichwani, ukiwa kwenye kituo cha basi, hapa hapa Edmonton, London. Ulikuwa na miaka ishirini na tisa. Hukuwa umeugua hata mafua. Watu waliniambia nitazoea. Sijazoea. Bado nikisikia ufunguo mlangoni nageuka.

Na chakula sikukuwekea, kwa kuwa ulisema nisiweke.

Wasiokujua wajue kazi yako. Ulikuwa katika shirika la hisani linalotunza majengo ya kale, London nzima. Mimi na baba yako Magloire tuliwaambia watu, "Yuko ofisini," kwa sababu hatukuielewa. Sisi tulikimbia Bukavu tukaacha nyumba yetu, halafu binti yetu anapanda ngazi kukagua mapaa ya watu waliokufa zamani! Siku moja nilikuuliza, "Hao wenye majengo wako wapi?" Ukajibu, "Si ndio sisi, Mama? Tuko ndani."

Hukuweza kupita ukuta bila kuugusa. Tulichelewa harusi ya kaka yako Plamedi kwa sababu uliona matofali fulani Tottenham ukataka tusimame. Mifuko yako ilijaa vumbi. Mashine yangu ya kufulia ilikujua vizuri. Ulicheka kwa sauti kubwa mno. Nilikukemea kwa hilo. Nisingekukemea leo.

Siku ya mazishi nilitegemea watu wa kanisa na watu wa Bukavu. Wakaja wageni wasiohesabika. Bwana Balbir wa Harrow alikuja na vigae viwili ndani ya mfuko, vya duka la marehemu baba yake, akaniambia wewe ndiye uliyezuia duka lisibomolewe. Mwingine akanieleza habari za ngazi, mwingine za bafu la umma. Sikumjua hata mmoja. Nimekuzaa mimi, na sikujua.

Sasa la ukuta. Nalisema mwenyewe, maana kanisani wengi wanalijua nusu.

Kanisa letu linasali katika jengo dogo la matofali lenye miaka zaidi ya mia moja na arobaini. Ukuta wa nyuma ya kwaya ulikuwa umeanza kumomonyoka kwenye maungio ya matofali. Kiangazi cha mwaka juzi mimi na Mzee Albert wa hapo kanisani tuliuziba wote kwa nje kwa saruji. Nina diploma ya ujenzi ya Bukavu, hata kama London imenipa kazi ya kutunza wazee. Siku mbili tukamaliza. Nilijivuna.

Jumapili ukafika, ukasimama nje, hukuingia.

"Nani amefanya hivi?"

"Injinia wetu," Mzee Albert akasema, anacheka. "Mama yako."

"Mama, mmeuziba pua."

"Ukuta hauna pua."

"Matofali haya ni laini. Yanapumua kupitia chokaa ya kwenye maungio. Maji yakiingia sasa hayatoki tena."

"Nimejenga shule mbili kwa simenti kabla hujazaliwa. Zimesimama."

"Zile ni za simenti tangu msingi! Huu haujui simenti, Mama. Utaoza."

Kisha ukahamia Kiingereza, nikajua umekasirika kweli. Mzee Albert aliingia ndani polepole kama mtu aliyeitwa.

Hukugomba tena. Septemba ulikuja na patasi na nyundo, ukatoa saruji yangu kwenye kipande cha mita moja, karibu na dirisha, ukajaza chokaa. Ulikifunika kwa magunia yenye maji wiki nzima, kama unauguza mtu. Kila jioni ulikibonyeza kwa dole gumba. "Likizama, bado. Lisipozama, tayari." Ukaniambia, "Baridi ikiingia, njoo ukiguse." Nikakujibu nina kazi.

Sikwenda kukigusa. Januari ukafa.

Siku ya arobaini tulikusanyika kanisani. Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima. Ndani, nyuma ya kwaya, rangi ilikuwa imevimba na maji yanatiririka ukutani. Mhandisi aliyetumwa kukagua jengo alikuwa ameshaandika: ukuta usipotengenezwa na kukauka kabla ya Novemba, jengo lifungwe. Watu mia mbili wakasali wapi? Nilitembea nikiushika kwa kiganja. Maji. Maji. Maji. Nikafika karibu na dirisha. Kavu. Nikarudi nyuma, nikashika tena. Kavu, upana wa mita moja, halafu maji tena.

Wenzangu walikuwa wanaimba. Nikakaa sakafuni. Walidhani nalia msiba. Nilikuwa nimeshtuka, mwanangu. Ulikuwa sahihi tangu siku ya kwanza, na hukuwepo wa kuambiwa.

Aprili, Kokila, mkubwa wako wa kazi, alikuja na wenzako wanne kuutengeneza ukuta. Alileta patasi yako. Akaniuliza kwa adabu kama ningependa kukaa nitazame.

"Nitazame nini? Nipe hiyo."

Nikaanza kutoa saruji niliyoiweka kwa mikono yangu, ungio kwa ungio. Kuiweka kulinichukua siku mbili. Kuitoa na kujaza chokaa kulituchukua miezi mitano. Mzee Albert alichanganya chokaa akilalamika, "Injinia, ukimaliza ukuta, ukarabati na mgongo wangu." Plamedi, asiyejua hata kushika nyundo, alikuja kila Jumamosi. Baba yako alilowesha magunia. Kipande chako hatukukigusa.

Mwishoni mwa Oktoba mhandisi alirudi na kipimo chake. Akapima, akapima tena. Akaandika kwamba jengo libaki wazi. Kisha akauliza fundi ni nani.

"Binti yake," Mzee Albert akajibu, akininyooshea kidole.

Juzi ilinyesha siku tatu mfululizo. Nilikwenda peke yangu, nikaushika ukuta ndani, pembe hadi pembe. Mkavu wote. Nikatoka nje kutafuta kipande chako. Kwa macho sikukiona, kimefanana na vingine. Nikakipata kwa vidole: kuna ungio moja ulilibonyeza mapema mno, na alama ya dole gumba lako imebaki humo. Langu ni nene, halikuenea.

Nimekuja, Miradie. Nimechelewa, lakini nimekuja, nimekigusa.

Ibada ya kumbukumbu ni Jumapili hii saa sita mchana, katika jengo lile lile. Atakayekuja aushike ukuta kabla ya kuketi.

Wewe ni wetu, leo na siku zote: mama yako Célestine, baba yako Magloire, kaka yako Plamedi na mkewe Noëlla, shangazi yako Bijou wa Peckham, Mzee Albert na kanisa zima. Hatutakusahau kamwe.