Bi Mkubwa, Watoto wa Watasema Wamechanjwa

Bi Mkubwa,

Amani ya Mungu iwe nawe huko ulikotutangulia. Mbwa wako Watasema kazaa. Alijifungua baada ya hitima yako, kwenye kibanda cha shambani. Nilipompelekea ukoko asubuhi nikawakuta watoto wamelala wamebanana tumboni mwake, macho hayajafunguka. Nilikaa chini nikalia mpaka mume wetu akaja kuuliza nani kaniudhi.

Najua ungecheka. Nilipoolewa nikaletwa Pujini kutoka Tibirinzi, niliogopa vitu viwili: mbwa, na mke mkubwa. Wewe ulinipokea mlangoni ukanipa maji ya kunywa, kisha ukanionyesha mbwa wako kwa mbali, ukasema jina lake ni Watasema kwa sababu watu lazima watasema, mwanamke wa Kiislamu na mbwa. Ukanieleza kwamba kufuga mbwa wa kulinda shamba si kosa. Akikulamba unajitwaharisha kwa maji na udongo, na ndani ya nyumba haingii. Basi.

Lakini ninachokukumbukia zaidi ni ule mwaka waliokufa watoto wa Watasema. Walianza kukataa ziwa, wakatapika, kisha wakaharisha damu yenye harufu ambayo sijaisahau. Wa kwetu walikufa wote isipokuwa mmoja. Na mtoto wa mbwa wa shemeji Hamadi, mdogo wa mume wetu, naye kafa. Hamadi alikuwa na ugomvi wa mpaka na jirani yetu Mzee Faki, akasema huyo ndiye aliyetega sumu. Akachukua panga.

Ulisimama njiani mbele yake, mikono imejaa unga. Hukupandisha sauti.

"Hamadi, hii ni sumu gani inayochagua watoto, na mbwa wakubwa wamekula chungu hicho hicho?"

Akashusha panga. Ukamwomba asubiri mpaka urudi kutoka mjini Chake, ukamtia kikapuni yule mtoto aliyebaki, ukaondoka.

Uliporudi jioni ulitukusanya barazani, na Mzee Faki ukamwita. Ukatueleza aliyokwambia daktari wa mifugo: ugonjwa unaitwa parvo, ni kirusi. Hutoka kwenye kinyesi cha mgonjwa, hukaa udongoni miezi mingi, husafiri kwa viatu, majembe na nyayo za mbwa wengine. Dawa ya kukiua mwilini hakuna. Mgonjwa huwekewa maji ya dripu asikauke, na kutibiwa matapishi, mpaka mwili wenyewe ushinde. Kinga ni chanjo, nayo hurudiwa kila baada ya wiki chache mpaka mtoto apite miezi minne, maana kinga aliyopewa na mama yake huweza kuizuia chanjo ya mapema isishike.

Usiku ule Hamadi alikwenda kumtaka radhi Mzee Faki. Watu walimsifu kwa uungwana wake. Mimi nilikuwa jikoni, nilisikia ulivyombembeleza aende, na mpaka unakufa hukumwambia mtu.

Yule mtoto alipona, mbavu zote nje, ukampa Hamadi. Wewe ukasugua sakafu ya kibanda kwa maji ya klorini, kisha ukajenga kibanda kipya upande wa migomba, kwa sababu udongo hausuguliki. Kima wakala muhogo wetu msimu mzima, na bado hukukubali kuleta mtoto mwingine pale. Nilikuona ukitazama mashimo ya muhogo uliong'olewa, kisha ukaendelea kupalilia.

Sasa nikupe habari. Nimewapeleka Chake mwenyewe hawa wapya, kwa mikono yangu, kwenye kikapu chako. Ndani ya gari watu walijisogeza mbali nami, nami nikawatolea salamu. Wamechanjwa mara ya kwanza, na ya pili. Mgeni hafiki kibandani na viatu vya njiani.

Juzi Hamadi kaja kutaka mmoja, kima wamemzidi. Nikamwambia hatoki mtoto kabla ya chanjo ya mwisho. Akanuna, akabishana, akaona sitikisiki. Alipokuwa anaondoka akageuka akasema, "Haya. Umeshakuwa Bi Mkubwa."

Bi Mkubwa, niliingia chumbani kwako, kitanda bado kimetandikwa.

Nakuahidi chanjo iliyobaki haitanipita, hata mvua ikinyesha namna gani. Na yeyote atakayechukua mtoto kwangu nitamkalisha nimweleze yote, kama ulivyotukalisha sisi. Mungu akupanulie kaburi lako, alitie nuru. Kila sala nakutaja kabla ya mama yangu mzazi, naye anajua, na karidhia.

Mke mwenzio,
Zuwena