Wazee Waliozuia Kikohozi

Bweyeye, Cyangugu
Jumatano, tarehe 14 Novemba 2001

Shemeji yangu Vénuste,

Pokea salamu zangu za heshima. Natumaini barua hii itakukuta u mzima, wewe na mama watoto na nyumba yote, na kwamba goti lililokusumbua wakati wa Pasaka limepata nafuu. Sisi huku tunaendelea. Mvua ni nyingi mwaka huu. Ukungu hutoka katika msitu wa Nyungwe kabla ya jua, nao hauondoki mpaka saa tano. Mtu akisimama mlangoni kwake haoni mlango wa jirani. Maharagwe yameoza, lakini viazi vimekubali.

Dada yangu Mukamurenzi, mjane wa kaka yako, yu hai. Natanguliza neno hilo ili usisome yanayofuata ukiwa na hofu hiyo. Lakini kifua chake si kizuri. Ameugua kichomi mara mbili mwaka huu, na mara ya pili tulimbeba kwa machela mpaka zahanati, mwendo wa saa sita kwa miguu. Waliomtibu walituambia waziwazi kwamba akiugua mara ya tatu, tusijisumbue kumbeba.

Basi Jumapili iliyopita jioni alifika hapa muuguzi mmoja, jina lake Kamikazi, binti wa watu waliorudi kutoka Masisi. Alikuja kwa miguu na wachukuzi wawili na kasha la barafu. Ndani ya kasha mlikuwa na chanjo ya kuzuia kichomi, iliyotolewa kwa ajili ya watu wenye umri wa miaka sitini na zaidi. Alisema kwamba barafu haitavuka Alhamisi, na kwamba hajui kama dawa hiyo italetwa tena. Nilifurahi, Shemeji. Nilijua ni nani aliyeihitaji kuliko wote.

Wazee hawakufurahi. Walikusanyika kwenye baraza ya kanisa, kila mmoja na blanketi lake, wakaanza kuuliza maswali yasiyotaka majibu. Mzee Harelimana, unayemkumbuka kwa mzaha wake, alimwambia Kamikazi: “Maman, mimi niko na meno mbili tu. Munanichanja ili nikaoe wapi?” Watu wakacheka mpaka wakakohoa. Mama Nsimire, Mshi wa Bukavu aliyeolewa kwetu, alifungua kitambaa chake bila aibu na kuonyesha makovu madogo kifuani, zile chale walizochanjwa zamani watoto wenye kikohozi. Alisema kwamba kifua chake kilifungwa na mama yake mzazi kwa wembe na majani, na kwamba kitu kilichofungwa na maiti hakifunguliwi na mtu aliye hai. Mwingine aliuliza tangu lini mtu yeyote amehangaikia mapafu ya wazee. “Batoto ndio banachanjwa,” alisema. “Muzee akichanjwa, ujue kuna jambo.”

Nilipita nyumba kwa nyumba usiku ule na asubuhi yake. Unajua kwamba nilifundisha miaka thelathini na mmoja na kwamba watu hunisikiliza. Niliwaeleza kwa utaratibu kichomi ni nini na sindano inafanya nini. Niliandika majina yao kwa mwandiko mzuri, jina la ubatizo na jina la nyumbani, watu arobaini na mmoja. Jumatatu saa tatu wote walikuwa wameketi kanisani. Hata Nsimire alikuja. Mukamurenzi aliketi benchi la mbele, nami nilimweka wa tatu katika orodha ili asikae sana kwenye baridi.

Mvua ilinyesha juu ya mabati, na hakuna aliyemsikia mwenzake. Sauti ya Kamikazi ilikuwa imekauka kwa safari. Alitoa mkobani megafoni, kipaza sauti cha mkono ambacho hukitumia sokoni siku za chanjo ya watoto, akaniomba nimsaidie kuita. Niliipokea. Nilisimama mlangoni, ukungu ukiwa mgongoni pangu, nikawaambia: “Ukisikia jina lako, simama, toka, usiulize.” Kisha nikaita jina la kwanza.

Hakuna aliyesimama. Nikaita la pili. Nilipofungua kinywa kuita la tatu, nilitambua kwamba hakuna mtu anayekohoa. Fikiri, Shemeji: vifua arobaini na kimoja vya wazee, katika mwezi wa mvua, na hakuna hata kimoja kilichotoa sauti. Waliketi wakinitazama kama watu wanaotazama maji yakipanda. Ndipo Nsimire aliposhika mkono wa jirani yake, wakainuka, wakatoka kwa mlango wa nyuma. Hawakukimbia. Wengine wakafuata mmoja mmoja, hata wale waliokuwa wamezaliwa hapahapa Bweyeye na hawakujua wanafuata nini. Ukungu uliwapokea, na sikusikia hatua zao. Wa mwisho alikuwa Mukamurenzi. Alisimama mbele yangu kwa muda, hakunitazama usoni. Alitazama ile megafoni. Kisha naye akaenda.

Kamikazi aliniuliza, “Mwalimu, umewafanya nini?” Nilimjibu kwamba ni ujinga wa watu wa msituni, wanaogopa sindano. Nilisema hivyo kwa sauti thabiti.

Siku hiyo na siku iliyofuata nilizunguka tena kuwarudisha. Naandika nililoliona, wala siongezi. Katika kijiji hiki mtu husikia vikohozi tangu barabarani. Ndivyo tunavyojuana katika ukungu. Nilimsikia Harelimana akikohoa nikiwa bado kwenye daraja la miti. Nilipofika uani pake kikohozi kilikatika katikati. Niliita hodi, hakuna aliyeitika. Nilichungulia kwenye ufa wa dirisha nikamwona ameketi kitandani, amejaza pembe ya blanketi kinywani, mabega yakimtikisika, machozi yakimtoka, macho yake yakiwa juu yangu. Nilisonga mbele. Nyumba ya pili ikanyamaza. Nyumba ya tatu ikanyamaza. Nilipokuwa nimepita, nyuma yangu vikohozi vilianza tena, kimoja kimoja. Nilirudi ghafla, navyo vikakoma vyote kwa pamoja. Nilisimama katikati ya njia nisione mtu wala nyumba, na nilijua kwamba kila upande wangu watu walikuwa wakizuia pumzi.

Shemeji, nilikuwa nimewahi kuusikia ukimya huo, mahali pengine. Miguu yangu iliujua kabla ya akili yangu.

Nyumbani nilikuta mkeka wa Mukamurenzi umeondolewa. Alikuwa amehamia kwa Nsimire. Jana alasiri nilikwenda huko, naye alizungumza nami kwa nyuma ya mlango, hakuufungua. Alisema kwamba kwa miaka mitano amenipikia na kunifulia, na kila siku amesikia sauti yangu ya kawaida asiitambue, kwa maana sauti ya mtu ikipita katika kile kipaza huwa sauti nyingine. Ile nyingine aliisikia siku moja tu katika maisha yake, na Jumatatu akaisikia tena, na maneno yaleyale. Wajane wote waliotoka Bukavu pamoja nasi waliisikia. Nilimwambia achanjwe kwanza, tuzungumze baadaye, kwa sababu barafu inayeyuka. Alinijibu hivi: “Kaka, mwandikie Vénuste ulisoma nini siku ile. Kamikazi anisomee barua kabla haijaondoka. Nikiisha kusikia, nitampa mkono wangu. La sivyo niache nife na kichomi changu.” Kisha akakohoa, na safari hii hakujizuia. Kilikuwa kikohozi kibaya.

Kwa hiyo nakuandikia.

Unajua kwamba Oktoba ya mwaka 1996 askari waliwafungia watu wetu katika shule yangu kule Bukavu, wanaume darasa moja, wanawake darasa jingine, madirisha yamepigiwa mbao. Unajua kwamba mtu fulani aliita majina kwa megafoni uani, na kwamba walioitwa walitolewa na hawakuonekana tena, na kaka yako Munyaneza alikuwa mmoja wao. Umemtafuta mtu huyo miaka mitano. Barua zako za kuuliza, kwa kuwa mwandiko wako ni mbaya, niliziandika mimi. Niliwaambia watu wote kwamba siku ile nilijificha katika stoo ya vitabu. Sikujificha. Askari walinikuta ofisini, wakaniuliza kama najua kusoma.

Mimi ndiye niliyesoma.

Mukamurenzi anadhani hayo ndiyo yote, na ameniomba niandike hayo tu. Lakini barua isiyokamilika ni uongo, nami nimechoka. Mkubwa wao hakujua kusoma, wala yeyote kati yao. Walichokijua ni hesabu tu: aliyewaandikia karatasi aliwaambia kwamba ina watu kumi na wanne. Niliita sita. Jina la saba lilikuwa langu. Nililiruka. Niliendelea mpaka mwisho, na mkubwa aliyekuwa akihesabu kwa vidole akasema kwamba wametoka kumi na watatu. Akanitazama. Wakati huo, kutoka darasa la wanaume, ambako kila mtu alikuwa amezuia pumzi, mtu mmoja alikohoa. Alikuwa na kichomi tangu mwanzo wa wiki ile, hakuweza kujizuia. Nilikijua kile kikohozi. Nilijiambia kwamba mgonjwa wa namna ile hafiki Jumapili, kwamba amekwisha kuondoka nusu. Nikainua megafoni nikaita: Munyaneza.

Jina lake halikuwa katika karatasi, Vénuste. Halikuandikwa popote. Alitoka akijifuta kinywa, akapita mbele yangu, akaniona nilivyoshika kile chombo. Nadhani alifikiri nami nimelazimishwa tu, maana aliinamisha kichwa kidogo, kama mtu anayemsalimu shemeji yake.

Hapa niliacha kuandika, nikampa Kamikazi kurasa hizi. Alizipeleka kwa Nsimire asubuhi hii, nami nilibaki nje ya ua nikingoja. Nilimsikia akisoma polepole. Alipofika mahali pa jina la saba alitaka kuacha, na Mukamurenzi alimwambia aendelee. Alisoma mpaka mwisho. Kisha mlango ukafunguka, Mukamurenzi akatoka, mkono wa gauni umekunjwa mpaka begani, na akaketi juu ya kinu kilicholala. Kamikazi alimchoma sindano mbele ya macho yangu. Wazee walitoka katika ukungu bila kuitwa, wakapanga mstari nyuma yake. Hakuna aliyenitazama.

Nilimshukuru dada yangu. Akaniambia nisimshukuru, kwamba hakufanya hivyo kwa ajili yangu. Alisema: “Nataka niwe hai siku Vénuste atakapofika.” Kisha akamgeukia Kamikazi, akanionyesha kwa kidole, akasema: “Na huyu mzee mchanje pia. Naye asife kabla.”

Nilikunja mkono wa shati. Unaniuma hata sasa ninapoandika, lakini Kamikazi amesema maumivu hayo ni ya kawaida na yataisha kesho kutwa.

Barua hii ataibeba yeye mpaka Kamembe, na kutoka huko mama mmoja anayefanya biashara Bukavu ataivusha kwenye daraja la Rusizi II. Msalimu mama watoto, wasalimu watoto wote, nawe usimame imara. Njia ya Bweyeye ni mbaya wakati huu. Panda kwa upande wa soko, si kwa upande wa mto. Nyumba yangu ni ya mwisho kabla ya msitu. Sitahama.

Mimi,
Hategekimana,
aliyekuwa mwalimu